Iulize Simu Iko Bendi Gani

Siku mliyoniaga, vijana wangu wa ofisi ya Tabora, mlinipa simu mpya kwenye boksi lililofungwa utepe. Kabla sijasema ahsante nikaiwekea laini yangu, nikabonyeza nyota, reli, sifuri sifuri moja moja, reli, nikasoma kilichotokea kwenye kioo. Ukumbi mzima ulicheka. Neema wa dawati la wateja akasema, "Mzee Pazi, hata zawadi unaikagua?" Naam, niliikagua. Ilikuwa bendi ya tatu, na mawimbi yalikuwa ya kuridhisha. Ndipo nikashukuru.

Sasa mmeniomba niandike ya kazini. Vyeo nitaviacha, maana nilivyopata vilikuwa vichache na kila kimoja kilikuja na funguo za stoo. Mishahara nayo nitaiacha, kwa sababu kila mmoja wenu anaujua wa kwake na unamtosha kumhuzunisha. Nitaandika habari za Bi Kalunde aliyenifundisha kazi, na za kosa langu moja ambalo wengi wenu mmelisikia vipande vipande wakati wa chai, kila msimulizi akiongeza nyuki wake.

Nilishuka kwenye treni Tabora asubuhi ya mvua, nikiwa na sanduku la bati na barua ya kuajiriwa. Aliyenipokea ofisini ni Bi Kalunde, mwanamke mfupi, Mnyamwezi wa palepale, aliyeanza kazi kama opereta wa kuunganisha simu. Alihamia ufundi kwa hiari yake. Alisema amechoka kuwasikiliza watu wakidanganyana.

"Shikamoo, Bi," nikamwambia.

"Marahaba. Kabila gani?"

"Mzaramo, wa Kisarawe."

"Alaa! Mtani!" Akaweka kalamu chini kana kwamba kazi ya siku ile imeahirishwa. "Babu zetu walitembea kwa miguu miezi mitatu kutoka hapa hadi pwani, pembe za ndovu begani, wakawakuta ninyi mmekaa kivulini. Wewe umeletwa kwa treni, umekaa kitako njia nzima, na bado umechelewa. Chukua koleo. Tuna nguzo imeliwa na mchwa."

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Miaka ile ilikuwa ya waya wa shaba na nguzo, kutoka Tura mpaka Kaliua, na adui zetu walikuwa mchwa, radi na watu waliopenda bangili za shaba. Bi Kalunde alikuwa na kanuni moja aliyonirudia mpaka nikaiota: mwenye simu atakueleza anachoamini, lakini waya utakueleza kilichopo. Mteja akilalamika, hakumbishia wala hakumkubalia. Alisema, "Nimekusikia, baba. Sasa ngoja nimsikie na mwenzako," kisha akaweka kipima-laini sikioni.

Minara ya simu za mkononi ilipokuja, nikafurahi kwamba hatimaye nimempata mtani wangu. Nilidhani mambo haya mapya yatamshinda. Kumbe nilijidanganya. Aliacha kuusikiliza waya, akaanza kuisikiliza simu. Alinunua daftari la shule, akawa anaandika humo kila namba ya siri aliyoipata: simu ya aina hii unabonyeza hivi, ya aina ile unapita kwenye mipangilio, nyingine haikubali mpaka uipakulie programu ya kupimia. Mafundi wa mjini waliificha elimu hiyo kama hirizi. Yeye aliwaandikia hata wauza vocha.

Kwa wale walioajiriwa juzi na kukuta kompyuta inawafanyia kila kitu, niwaeleze kwa kifupi. Vile vijiti juu ya kioo vinakuambia simu inasikia kwa nguvu kiasi gani. Havikuambii inasikia nini. Mnara mmoja unaweza kurusha bendi mbili au tatu kwa wakati mmoja, na simu huchagua yenyewe. Huku kwetu bendi ya ishirini ni masafa ya megahezi mia nane, na bendi ya tatu ni ya elfu moja na mia nane. Bi Kalunde aliyafundisha kwa ngoma. Harusi ikiwa kijiji cha pili, alisema, kishindo cha ngoma kubwa kitakufikia mpaka kitandani, kitapita msituni na ukutani, lakini filimbi huisikii. Bendi ya ishirini ndiyo ngoma kubwa. Bendi ya tatu ni filimbi: ina maneno mengi na ni tamu ukiwa karibu, ila kilomita chache tu imeshaishiwa pumzi. Kwa hiyo mtu akikuambia mtandao mbovu, swali la kwanza si vijiti vingapi. Swali ni je, simu yake inasikia ngoma au filimbi?

Nililijua swali hilo vizuri sana, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Siku moja tulipata malalamiko kutoka Choma, kule Igunga. Mfanyabiashara wa ng'ombe alikuwa na simu ya kifahari aliyoletewa na shemeji yake kutoka nje, na kila akitoka sokoni inakuwa kama kipande cha kioo. Mafundi wawili walikwishakwenda wakarudi wanakuna vichwa. Mimi nikaishika simu ile, nikabonyeza namba, nikaona imekwama bendi ya tatu wakati yangu, pale pale, iko ya ishirini. Nikatafuta maelezo yake. Simu ilitengenezwa kwa ajili ya nchi nyingine na bendi ya ishirini haikuwamo kabisa. Nikamweleza mwenyewe mbele ya watu na mafahali, wakapiga makofi. Yule bwana akanichinjia kuku.

Kuku yule alinilevya. Tangu siku hiyo kila mteja wa pembezoni nilimwambia simu yake haina bendi. Mara nyingi ilikuwa kweli, na ukweli wa mara nyingi una hatari yake, kwa sababu unakufanya uache kuangalia.

Mwaka wa mwisho wa Bi Kalunde kazini tulipelekwa kufunga antena za bendi ya ishirini kwenye mnara mmoja wa upande wa Ulyankulu. Zilikuwa mbili. Moja ilitakiwa iangalie barabara na soko. Ya pili iangalie zahanati, iliyokuwa bondeni kilomita kama tisa, pamoja na vitongoji vyake. Umri wangu ulikuwa umeshapita hamsini, lakini bado nilipanda minara na nilipenda kuonekana nikipanda. Bi Kalunde alibaki chini na karatasi.

Antena lazima ielekezwe kwa dira, na dira ina udhaifu wake: ukiiweka karibu na chuma inadanganya. Mnara ni chuma kitupu. Kwa hiyo unasimama mbali, hatua hamsini hivi, unapima mwelekeo, unachagua alama kule mbele, mti au paa, kisha unapanda na kuilenga alama hiyo. Ya kwanza niliifanya hivyo. Kabla ya ya pili nilitakiwa nishuke, nitembee, nipime, nipande tena. Jua lilikuwa kali. Nikatoa dira mfukoni nikiwa huko huko juu, nimekumbatia chuma, nikasoma digrii.

Ndipo nyuki wakaja. Tabora ni nchi ya asali, na kundi moja lilikuwa limejenga nyuma ya kisanduku cha nyaya. Nilikaza boliti mbili za mwisho kwa kasi ambayo sijawahi kuirudia, nikateremka kama ndoo iliyokatika kamba.

Bi Kalunde alicheka mpaka akakaa chini. "Mzaramo, asali unaipenda ikiwa kwenye chupa tu!" Alipomaliza kucheka akafuta machozi, akashika karatasi yake. "Haya. Antena ya pili. Ulipima ukiwa chini, mbali na chuma?"

"Ndiyo," nikasema.

Akaweka tiki, akatia sahihi.

Hakupita muda mrefu malalamiko ya zahanati yakaanza. Nesi aliyekuwa akiiongoza aliitwa Generoza, binti wa familia za Kirundi zilizopewa ardhi kule zamani, mwanamke mpole wa maneno machache. Alilalamika mara tatu. Kila mara mtu wa ofisini alifungua ramani kwenye kompyuta, akaona bonde lote limepakwa kijani, akayafunga malalamiko. Kompyuta ilikuwa inachora tulichoiambia. Tuliiambia antena inaangalia zahanati, nayo ikaamini, kama Bi Kalunde alivyoamini.

Mara ya nne nikatumwa mimi. Nilifika asubuhi, benchi limejaa akina mama. Nilisimama kwenye kichuguu kando ya tangi la maji, nikapiga simu Tabora, ikapokelewa. Nikaingia ndani. Nesi Generoza akanionyesha simu yake, ina kijiti kimoja kinachokuja na kuondoka. Alisema kaka yake alimtumia kutoka nje. Nikasikia harufu ya kuku wa Choma.

"Nesi, mtandao mzima, simu ndiyo mgonjwa," nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye benchi. "Hii haina bendi yetu. Wewe unatibu watu, sisi tunatibu simu. Nunua ya hapa nchini."

"Lakini fundi, hata za wagonjwa zinasumbua ndani humu."

"Nao wana kaka zao nje?"

Benchi likacheka. Yeye hakucheka. Sikubonyeza nyota wala reli, wala kwenye simu yake wala kwenye yangu. Nilipanda gari nikaondoka.

Wiki chache baadaye nilikuwa mezani kwangu, Bi Kalunde kwenye meza ya pili, mlango ukafunguliwa akaingia Nesi Generoza. Alikuwa amesafiri kutoka kule, gauni lina vumbi. Akasalimia, akafungua mkoba, akaweka simu mbili mbele yangu, moja baada ya nyingine.

"Hii ndiyo uliyosema mbovu," alisema. "Na hii ndiyo uliyosema ninunue. Jumatatu nilikuwa na mama aliyejifungua, anaitwa Adela. Damu haikukata. Nilipiga kwa hii, nikapiga kwa hii. Zote mbili bubu, hata pale nje kwenye kichuguu. Mume wake alichukua baiskeli mpaka mlimani kwenye shule, ndiko alikopata mtandao akampigia dereva wa gari la wagonjwa. Tairi la baiskeli lilipasuka njiani akamalizia kwa kukimbia."

Bi Kalunde ndiye aliyeuliza. "Mama yuko wapi?"

"Yuko hai. Walimwongezea damu. Mtoto pia yuko hai." Akanitazama. "Wamepona kwa sababu ya baiskeli, fundi. Sikuja kugombana. Nimekuja kuuliza, ninunue na ya tatu?"

Bi Kalunde akachukua ile simu mpya, akaigeuza, akanitazama. Nilingojea utani. Wazaramo, minazi, treni, chochote. Hakunitania. Hapo ndipo nilipoogopa.

Kesho yake alfajiri tulikuwa barabarani watatu, mimi kwenye usukani, Nesi nyuma. Tulipofika zahanati, Bi Kalunde alikwenda moja kwa moja kwenye benchi. "Mwangaluka, akina mama. Poleni na kusubiri. Mwenye simu ya kupangusa naomba niiangalie kidogo, sisomi meseji za mtu, hata za mume." Wakacheka, wakampa. Zilikuwa simu saba, za aina tofauti, moja ina ufa kutoka kona hadi kona. Akafungua daftari lake la shule. Kila aina na namba yake. Alibonyeza, akasoma, akaandika, akairudisha kwa mikono miwili.

"Bendi ya tatu. Hii, ya tatu. Hii imekata tamaa imerudi kwenye mtandao wa zamani. Hii, ya tatu." Alipomaliza ya saba akachukua simu ya Nesi, ile ya kaka yake, akapitia maelezo yake kwa utulivu. "Bendi ya ishirini imo. Simu hii haina ugonjwa wowote."

Nikabonyeza yangu. Ya tatu, nayo hoi.

"Kwa hiyo ngoma haipo bondeni hapa kabisa," alisema. "Wote wanasikilizia filimbi. Twende tukaitafute ngoma ilipo."

Tulikwenda mpaka mnarani tukauzunguka kwa miguu, yeye mbele na simu mkononi kama mtu anayetafuta maji. Upande wa barabara, bendi ya ishirini, nzuri. Upande wa zahanati, hafifu mno. Akaendelea kuzunguka mpaka upande wa pori tupu, kule ambako hakuna hata kibanda cha mchoma mkaa. Akasimama. Kioo kilionyesha bendi ya ishirini, nguvu tele.

"Mtani," alisema taratibu, "fisi wa pori hili wana mtandao kuliko wilaya nzima."

Akanipa dira. Nikasimama hatua hamsini nikapima, kisha nikasogea hadi kwenye nguzo ya mnara. Sindano ikahama mbele ya macho yetu wote wawili, kama mtu anayegeuza uso kwa aibu.

"Pazi." Hakuwa ameniita kwa jina kwa miaka mingi. "Siku ile nilikuuliza kama ulipima chini."

"Nilisema ndiyo. Sikupima. Nilipima juu."

"Kabla ya nyuki au baada?"

Lilikuwa swali la huruma. Alikuwa ananifungulia mlango nitoke kwa kuwasingizia nyuki. "Kabla," nikasema. "Nyuki walinikuta nimeshakosea."

Akaichukua dira. "Basi sahihi yangu iko chini ya uongo wako. Hilo tutaliandika wote wawili, kila mtu karatasi yake. Kwanza, yule nesi. Unakwenda wewe au niende mimi?"

Nilikwenda mimi. Nilisimama mbele ya benchi lile lile, kwa sababu nilimdhalilisha mbele ya watu, na kumwomba radhi uani ingekuwa udanganyifu mwingine. Nikasema simu yake ni nzima, mtandao ndio mgonjwa, na ugonjwa huo niliuleta mimi. Nikaeleza dira na chuma. Nikaeleza na nyuki, maana Bi Kalunde alikuwa nyuma yangu na angewaeleza yeye kwa mapambo.

Bibi mmoja mwenye kanga ya kijani akauliza, "Mzaramo, eti?"

"Ndiyo, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Nilijua tu. Mjukuu wangu wa kike anarina asali peke yake."

Wakacheka, safari hii mimi nikiwa ndani ya kicheko. Nesi Generoza hakucheka bado. Alinionyesha kwa kidevu mwanamke aliyekaa mwisho wa benchi, mwembamba, kichanga kifuani, amekuja kupima uzito wa mtoto. "Adela ni yule," alisema. "Mwambie na yeye."

Nimepanda minara mirefu, lakini hatua kumi zile zilikuwa ndefu kuliko yote. Nilichuchumaa nikamwambia. Sidhani alielewa habari za bendi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamfunika mtoto vizuri.

"Nimesikia, baba," akasema. "Mume wangu anasimulia ile baiskeli kila siku, mpaka majirani wamechoka. Nenda karekebishe, apate kitu kingine cha kusimulia."

Wanakijiji walituletea mrina asali, akawafukiza nyuki na kuwahamishia kwenye mzinga wake bila kuumwa hata mara moja, huku akinitazama kwa udadisi. Nikapima chini, hatua hamsini, nikachagua alama, nikapanda. Bi Kalunde alisimama mbali na dira yake na kupiga kelele mpaka ndege wakaondoka: "Zungusha kulia! Kulia, nimesema! Kulia ya watu wote, si ya Kisarawe!" Nilikaza boliti polepole. Nikashuka polepole.

Barua ya onyo nilipata, na niliistahili. Bi Kalunde naye aliandika yake, kwamba alitia sahihi kazi asiyoihakikisha kwa macho, na akastaafu na doa hilo kwenye jalada bila kunilaumu hata mara moja. Alinitania hadi siku ya mwisho, lakini habari ya dira hakuwahi kuifanyia utani. Utani wa nyuki ndio aliuchagua, akanipunguzia mzigo kwa njia hiyo.

Siku ile ya kurekebisha, niliposhuka, bado nina mkanda wa usalama kiunoni, niliipigia zahanati nikiwa chini ya mnara. Iliita mara mbili.

"Haloo?" Sauti ya Nesi Generoza ilisikika safi, na nyuma yake mwangwi wa kuta, mlio wa vyuma na mtu anayeugulia. Alikuwa ndani kabisa, kwenye chumba cha kujifungulia.

"Nesi, ni mimi Pazi. Najaribu kama..."

"Fundi, usinijazie laini, nina mzazi hapa na dereva yuko njiani," akasema, akakata.

Bi Kalunde aliuliza, "Vipi?"

"Amenikatia."

"Vizuri," akasema, akaanza kukunja kamba.